Patintero, tumbang preso, luksong tinik au sungka: uanze na upi darasani?

Mwalimu akiamua kulifundisha darasa lake mchezo wa asili wa watoto wa Ufilipino, jambo la kwanza analotafuta ni sheria. Kwa maoni yangu sheria zingoje. Michezo hii watoto wa Manila, Cebu na vijiji vya Visayas wamefundishana wenyewe kwa wenyewe, kaka kwa mdogo wake, bila kitabu, na mtoto wa miaka 8 akiitazama mara mbili tatu anaishika. Swali linalotangulia ni hili: mtoto ambaye zamu yake haijafika, au aliyekosea, anafanya nini muda huo? Mtaani wanacheza sita, saba, labda kumi, na anayetolewa anarudi kabla hajachoka kusimama. Darasani una watoto thelathini na kitu, dakika 40 na filimbi moja. Mchezo unaopendeza kwa watu sita unaweza kuwaacha wengine wote wameegemea ukuta, na ugomvi wa uwanjani huanzia ukutani hapo.

Nafundisha elimu ya viungo katika shule ya msingi hapa Maskati. Wenzangu kadhaa wametoka Ufilipino, na wao ndio walionionyesha michezo hii, kila mmoja akishikilia kwamba kwao ndiko inakochezwa inavyotakiwa. Darasa langu lina watoto 36: Waomani, wakiwemo wa familia zenye asili ya Zanzibar ambazo bado zinazungumza Kiswahili nyumbani, Wahindi, Wafilipino na wengineo. Ninayoyasema hapa yanamhusu mwalimu mwenye darasa kubwa la namna hiyo, popote alipo. Mwenye watoto kumi achague wowote ule, hatakosea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukiwa na uwanja na kipindi kimoja tu, fundisha patintero, mchezo wa kuvuka mistari inayolindwa. Ukiwa na vipindi vitatu, ongeza tumbang preso, wa kuangusha kopo kwa kandambili. Sungka, mchezo wa ubao na kete, ni ya ndani ya darasa, na ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Luksong tinik, wa kuruka juu ya miguu ya waliokaa, nisingeanza nayo, ingawa ina kanuni moja ambayo nimeichukua na kuitumia kwenye patintero.

Patintero: mistari na walinzi

Chora mstatili. Ukate kwa mistari ya kukingama, kisha upitishe mstari mmoja mrefu katikati tangu mwanzo hadi mwisho. Timu moja inalinda, nyingine inavuka. Mlinzi hasogei ila juu ya mstari wake, kulia na kushoto. Wavukaji wanaingia upande wa mbele, wanapita mistari yote hadi nyuma, kisha wanarudi walikotoka. Akirudi mmoja salama, timu imepata pointi. Akiguswa mmoja, timu nzima inabadilishana kazi na wapinzani. Yule anayelinda mstari mrefu wa katikati, patotot, ndiye wa kuogopwa, maana hukimbia kwa urefu na kumfikia mtu kwa nyuma wakati macho yake yako kwa mlinzi wa mbele.

Tazama kinachomkuta aliyekosea: hatolewi. Ameguswa, timu yote imekuwa walinzi, na yeye sasa ana mstari wake wa kulinda. Ndiyo maana nimeuweka mchezo huu juu ya mingine. Hakuna benchi ndani yake.

Hesabu yake inakaa vizuri kwenye darasa kubwa. Timu ni watu watano: wanne kwenye mistari ya kukingama, mmoja kwenye mstari wa katikati. Uwanja mmoja unachukua kumi. Kwa watoto 36 nachora viwanja vitatu, wanacheza 30, na sita waliobaki ni waamuzi, wawili kila uwanja. Mwamuzi wa kwanza anatazama miguu ya walinzi kama imetoka mstarini, wa pili anatazama mikono kama imegusa kweli. Kila dakika mbili napiga filimbi na waamuzi wanabadilishwa. Usiione kazi ya mwamuzi kuwa ya kuzugia watoto. Patintero bila mwamuzi hugeuka mabishano ya "umenigusa" na "sijakugusa", na mtoto aliyewahi kusimama pale na kuamua hubishana kidogo zaidi akirudi kucheza.

Vipimo vina maana kubwa, na vitabu vingi haviwekei mkazo. Kwa watoto wa darasa la tatu hadi la sita natumia upana wa mita 5, na umbali wa mita 3 kati ya mstari na mstari. Mkono wa mtoto ukinyooshwa pamoja na mwili kuinama unafika karibu mita moja. Mlinzi wa mbele anakula mita moja ya chumba, yaani nafasi iliyo kati ya mstari na mstari, wa nyuma anakula nyingine, inabaki mita moja katikati ambapo mvukaji anaweza kusimama, akahema na kufikiri. Ukiisogeza mistari ikawa na mita mbili kati yake, mahali pa kuhema hapapo, kila mtu anaguswa, na baada ya dakika tano wavukaji hawataki tena kuingia.

Kwa asili mistari ilichorwa kwa maji juu ya ardhi, na ndiyo sababu sehemu nyingine mchezo huu huitwa tubigan. *Tubig* ni maji kwa Kitagalogi. Kwa Oman maji hayafai, mstari wa kwanza unakauka ukiwa bado unachora wa tatu. Kwenye saruji tumia chaki nene. Kwenye mchanga, buruta kisigino cha kiatu. Kamba usitandaze kabisa: mlinzi anatembea kwa ubavu macho yakiwa kwa mpinzani, na kamba itamwangusha.

Usiufundishe wote kwa mkupuo. Mimi huanza na mistari miwili tu ya kukingama, bila ule wa katikati, mlinzi mmoja kila mstari. Watoto wanapita kwa urahisi, wanafurahi, wanaelewa maana ya kulinda mstari. Baada ya dakika nane hivi naweka mstari wa katikati na patotot wake. Mchezo unabadilika palepale. Kabla ya hapo mwenye mbio ndiye mshindi. Baada ya hapo mbio peke yake haitoshi, kwa sababu kila chumba kimegawanyika mara mbili, na aliyeingia upande wa kushoto hawezi kuruka kwenda kulia bila kumtazama patotot yuko wapi.

Hapo ndipo watoto wanapogundua chambo bila kufundishwa. Msichana mmoja anasogea hadi karibu na mstari upande wa kushoto, anainama kama anayetaka kuchomoka. Mlinzi anamfuata kwa macho, halafu kwa mabega, halafu miguu nayo inafuata. Mwenzake aliyekuwa kimya upande wa kulia anapita akitembea tu, hata hakimbii. Ukiona jambo hilo limetokea, simamisha mchezo, waulize wengine wameona nini, kisha uendelee. Ni dakika moja inayofaa kuliko maelezo ya robo saa.

Patintero ina udhaifu wake. Watoto waoga hukwama. Wanasimama katikati ya chumba salama na kungoja, mlinzi naye anawangoja, na kipindi kinapita. Dawa yake ni muda: kila timu ina dakika mbili za kuvuka, zikiisha zimeisha, mnabadilishana hata kama hakuna aliyeguswa. Tatizo la pili ni kugusana kwa nguvu. Tangu mwanzo nasema kugusa ni kwa kiganja kilichofunguliwa, kati ya bega na kiuno, na anayesukuma timu yake inapoteza zamu. Wavulana na wasichana wakubwa katika shule nyingi za huku hawachezi mchanganyiko, kwa hiyo viwanja vinagawanywa ipasavyo na mchezo haupotezi kitu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Michezo ya jamii hii iko katika nchi nyingi: Indonesia wanao gobak sodor, Malaysia galah panjang, na India kuna atya-patya. Mtoto aliyesikia habari zake kwa babu yake huinua mkono na kusema kwao upo. Mpe nafasi aeleze tofauti. Darasa linakuwa limejifunza mchezo wa Kifilipino na pia limeona kwamba mchezo una ndugu.

Tumbang preso: kopo, kandambili na kelele

Ukiwauliza watoto, huu ndio wanaoupenda. Ukimuuliza mwalimu wa darasa la jirani, huu ndio atakaolalamikia.

Kopo tupu, mara nyingi la maziwa, linasimamishwa ndani ya duara dogo. Mmoja ni taya, mlinzi wa kopo. Wengine wanasimama nyuma ya mstari, kila mmoja na kandambili moja, wanalilenga kopo. Likianguka, taya anakimbia kulisimamisha tena ndani ya duara, na wengine wanakimbilia kandambili zao. Kopo likiwa limelala, taya hana nguvu, hawezi kumshika mtu. Likisimama tu, yeyote aliyeko nje ya mstari wake anaweza kuguswa, na akiguswa yeye ndiye taya. Visayas wengi huuita tumba-lata.

Uzuri wake umefichika katika wale waliokosa shabaha. Kandambili yako imepita pembeni ya kopo na kulala hatua mbili kutoka kwa taya. Kopo limesimama. Huwezi kwenda kuichukua, na bila hiyo huwezi kutupa. Unabaki kumtegemea mwenzako aliangushe kopo ili nanyi mpate mwanya. Wakibaki wawili tu wenye kandambili mkononi, wote watano waliokwama wanawapigia kelele watulize mkono. Mtoto asiye na mbio lakini mwenye shabaha, ambaye kwenye patintero haonekani sana, hapa ndiye mkombozi wa kundi. Waliocheza kombolela utotoni Tanzania wataielewa hali hiyo bila kuelezwa, ingawa kule kuna kujificha na huku kila mtu yuko wazi.

Sasa lile swali letu: asiye na zamu anafanya nini? Ndani ya kundi hakuna asiye na zamu, wote wanatupa na kukimbia. Shida iko kwenye ukubwa wa kundi. Zaidi ya saba au wanane kwa kopo moja, kandambili zinajaa na hakuna anayejua iliyoangusha ni ya nani. Kwa watoto 36 unahitaji makopo matano, kila kopo na mstari wa kutupia umbali wa mita 5 au 6, na nyuma ya kopo nafasi tupu ya kandambili zinazopitiliza. Mwalimu mmoja hawezi kuyatazama makopo matano yanayorushiwa vitu. Mimi nacheza makopo mawili au matatu yote yakielekea ukuta mmoja, na nusu nyingine ya darasa inafanya kazi tofauti upande wa pili, kisha wanabadilishana. Huo ndio ukweli wake: unapendeza kuliko patintero na unachukua nusu ya darasa.

Tatizo la pili lizingatie sana. Taya mzito anaweza kubaki taya kipindi kizima. Wenzake wanaangusha kopo, anasimamisha, wanaangusha, anasimamisha, na uso unaanza kubadilika. Mtaani watoto wakubwa huona huruma na kujiachia wakamatwe. Darasani usitegemee huruma. Kanuni yangu: taya akishasimamisha kopo mara tatu bila kumgusa mtu, amemaliza, anachaguliwa mwingine. Watoto hawajawahi kuipinga kanuni hiyo, kwa sababu kila mmoja anajiona ndani yake.

Kuhusu vifaa. Tumia kandambili za mpira, kuukuu, zilizooshwa. Mtoto avae viatu vyake vya michezo miguuni na kandambili ashike mkononi. Kucheza peku juu ya saruji ya Maskati baada ya saa nne asubuhi ni kuunguza nyayo. Wengine hubadilisha kandambili kwa vifuko vya mchele. Nimeona vifuko vinaua mchezo. Kandambili ikitupwa chini chini kwa mkono uliolegea huteleza juu ya saruji, huzunguka, na mara nyingine huligonga kopo baada ya kila mtu kuona kwamba imekosa. Kifuko kikianguka kimekufa pale pale. Mdomo wa kopo uliokatwa ufungie solotepu nene mara mbili, na ndani yake tia mchanga kiasi cha vidole viwili ili upepo usilipeperushe. Chupa ya plastiki inafaa, lakini haina mlio, na ule mlio wa kopo ndio unaowaondoa watoto mstarini.

Luksong tinik, na huruma ya mama

Wawili wanakaa chini wakitazamana, nyayo kwa nyayo. Wengine wanaruka juu ya miguu yao. Wote wakipita, unawekwa mguu wa pili juu ya wa kwanza, kisha kiganja juu ya mguu, kisha kiganja juu ya kiganja, vidole vimekunjuliwa kama miiba, na kimo kinapanda. Anayegusa amekosa.

Siuanzii mchezo huu kwa sababu za kawaida kabisa. Nyuso za wawili waliokaa ziko karibu na viatu vya anayeruka. Unahitaji mchanga au magodoro ya kutulia. Mavazi ya wasichana wengi hayaruhusu kuruka namna ile mbele ya watu, na sioni sababu ya kumweka mtoto katika hali ya kuona haya ili tu darasa lijifunze mchezo. Tena wanaruka mmoja mmoja, wengine foleni. Ukitaka kuruka, mpira wa kuvutwa unaoitwa Chinese garter huko Ufilipino unafaa zaidi, na Wakenya waliocheza blada hawatahitaji kufundishwa.

Lakini chukua hii. Kila timu katika luksong tinik ina kiongozi anayeitwa *nanay*, mama. Mwenzao akishindwa kuruka, mama anaruka kwa niaba yake. Akifaulu, aliyeshindwa amekombolewa, anaendelea kucheza. Timu inaanguka pale tu mama mwenyewe anaposhindwa. Sijui mchezo mwingine wa watoto wenye mpango wa wazi namna hiyo wa kumrudisha aliyekosea. Nimeuingiza kwenye patintero kwa wadogo wa darasa la pili: kila timu inamchagua mama, na mvukaji akiguswa kwa mara ya kwanza, mama anavuka chumba kile kile. Akipita, mchezo unaendelea. Umama unazunguka kila kipindi, asishike mmoja mwenye misuli mwaka mzima.

Sungka, ndugu wa bao

Ubao wa sungka una umbo la mtumbwi, safu mbili za mashimo saba saba na shimo kubwa kila mwisho. Kila shimo dogo linatiwa kauri saba, kwa hiyo ubao mzima una 98. Unachota shimo lako moja, unazitia moja moja kwenye mashimo ya mbele, ukipita ghala lako unatia moja, ghala la mwenzako unaliruka. Ya mwisho ikiangukia ghalani kwako, unacheza tena. Ikiangukia shimo lenye kete, unazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu upande wako, unachukua kilichomo kwenye shimo linalolitazama upande wa mwenzako. Ikiangukia shimo tupu upande wake, umefika mwisho.

Shimo kubwa naliita ghala kwa makusudi, ili wajukuu wa wachezaji wa bao wasilichanganye na nyumba ya bao. Tofauti zenyewe wao huziona haraka: bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, na unachokula kinarudi kupandwa upande wako. Sungka ina safu mbili, na kilichoingia ghalani hakitoki hadi mkondo, yaani duru moja ya mchezo, uishe. Mtoto mwenye babu wa Unguja anayecheza bao barazani ataiona sungka nyepesi. Mwambie acheze kwanza.

Kwa darasa, sungka ina jambo moja zuri sana: mkondo wa kwanza wachezaji wote wawili huanza kwa wakati mmoja. Hakuna anayengoja. Watoto 36 ni mbao 18, na baada ya "anzeni" unasikia kete tu. Tena kuna hesabu ya kweli ndani yake, isiyobandikwa kwa nguvu. Mwanzo wa mchezo, ukichota shimo la mbali zaidi na ghala lako, zile kauri saba zinamalizikia ghalani kamili, na unapata kucheza tena. Usiwaambie. Waache walione. Atakayeliona atahesabu kabla ya kuchota tangu siku hiyo, na mwenzake atamwuliza kwa nini anacheza tena kila mara.

Kupata mbao si kazi. Trei ya mayai ya karatasi ina safu tano za mashimo sita. Ikate, upate mbao mbili za safu mbili mbili, na safu moja ibaki akiba. Trei tisa zinatosha darasa zima. Mashimo yatakuwa sita badala ya saba, tia kete nne nne, na ghala liwe kikombe cha karatasi kila upande. Hiyo ni kete 48 kwa ubao, 864 kwa mbao zote. Sisi tulitumia kokwa za tende zilizooshwa na kuanikwa, na kila nyumba ilichangia mkebe. Kwa kete nne nne, shimo linalofika ghalani sawasawa ni la nne ukihesabu kutoka ghalani; wenye macho watalipata.

Udhaifu uko kwenye mkondo wa pili. Kwa asili, aliyeshindwa hujaza mashimo yake kwa kete alizobaki nazo, na yale yasiyojazika huhesabiwa yameungua, *sunog*, hayatumiki. Kwa hiyo anayeshindwa anaingia mkondo unaofuata akiwa na mashimo machache, na kawaida anashindwa zaidi. Kwa wawili wanaoketi barazani jioni nzima hilo lina utamu wake, kwani kuna anayejikwamua kutoka shimo moja. Kwa darasa mimi nacheza mkondo mmoja, kama dakika 15, kisha kila mmoja anasogea kiti kimoja na kupata mpinzani mpya na ubao uliojaa. Yaliyoungua nayaeleza kwa maneno, na wanaotaka wanayacheza wakati wa mapumziko.

Udanganyifu upo: kete mbili hudondoka pamoja, na mkono ukawa mwepesi. Mpinzani ahesabu kwa sauti. Basi.

Piko na sipa

Piko ni ile michoro ya miraba ya kuruka kwa mguu mmoja. Anacheza mmoja, wanatazama wote, haifai kipindi cha darasa kubwa hata kidogo. Ichore uani na uiache hapo kwa wakati wa mapumziko.

Sipa ni kupiga danadana kwa upande wa ndani wa mguu, kwa kichuma cha mviringo chenye tundu, kama washa ya bolti, kilichofungwa nyuzi za rangi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiitaja kuwa mchezo wa taifa wa Ufilipino. Tangu Desemba 2009, kwa Sheria ya Jamhuri namba 9850, hadhi hiyo ni ya arnis, sanaa ya mapigano ya fimbo. Kila mtoto akiwa na sipa yake hakuna anayengoja, na hilo ni sifa. Lakini wengi hawapiti mipigo miwili siku ya kwanza, na dakika 40 za kuokota kichuma sakafuni ni nyingi. Ipe dakika kumi za kupasha mwili moto.

Mambo ya kupanga kabla ya filimbi

Timu na taya wachaguliwe kwa njia ya Kifilipino yenyewe, ni sehemu ya mchezo. *Maiba taya*: wote wanatoa mikono kwa pamoja, kiganja juu au chini, na yule aliye tofauti na wengine ndiye. Wakibaki wawili, mawe-karatasi-mkasi, ambayo kule huitwa jak en poy. Inachukua nusu dakika na inaondoa lile jambo baya la manahodha wawili kuchagua watu mmoja mmoja hadi abaki asiyetakiwa.

Usimgeuze mtoto Mfilipino wa darasa lako kuwa mwalimu wa mchezo bila kumwuliza faragha. Wengi wamezaliwa huku Ghuba, wamekua kwenye fleti za ghorofani, na patintero wameiona kwenye simu tu kama wenzao. Akitaka, vizuri sana. Asipotaka, au asipojua, asisimamishwe mbele ya darasa kuonyesha asichokijua. Mwalike mzazi au mwalimu mwenza aliyecheza kweli; hao ukiwapa chaki tu, utaona wanavyokumbuka.

Na mtoto mdogo, mgonjwa aliyepona juzi, au mwenye mguu usiompa mbio? Ufilipino wana desturi ya zamani kwa ajili yake, *saling pusa*. Mtoto huyo anaingia mchezoni, anakimbia na wenzake, lakini akiguswa haihesabiwi na hawi taya. Wakubwa wote wanajua na hakuna anayelalamika. Nawaeleza darasa desturi hiyo tangu siku ya kwanza, kama sheria halali ya mchezo na si upendeleo wa mwalimu, na mhusika mwenyewe ndiye anayesema ni lini anataka kuanza kuhesabiwa. Mvulana mmoja wa darasa la nne aliyerudi baada ya kuvunjika kifundo alicheza hivyo wiki tatu. Wiki ya nne aliinua mkono katikati ya patintero akasema aguswe kama wengine, na dakika hiyo hiyo patotot akamgusa.

Kwa ratiba, patintero na tumbang preso ziwekwe kati ya Novemba na Machi, vipindi vya asubuhi, viwanja vikiwa upande wa kivuli cha jengo. Vipindi viwili vya kwanza viwe vya patintero, kwa sababu cha kwanza kinaliwa na mistari na mabishano, na cha pili ndicho wanachocheza kweli. Cha tatu kiwe cha makopo. Sungka inaweza kungoja Mei, joto linapotufungia ndani, na kokwa za tende zianze kukusanywa tangu Ramadhani.